Ndoo Haibebwi na Mabega

Msimu ukiisha, ghala la ushirika hubaki na harufu tu,
mafuta ya maganda ya korosho na vumbi la magunia,
na karani hunipa ufunguo kwa masharti mawili:
tufagie tukimaliza, na tusipigane.
Nilimwambia, "Bwana Chihipu, karate si kupigana."
Akacheka. "Basi mnafanya nini humo, na makelele yote yale?"

Siku ile nilikuwa na jibu. Jibu refu.
Leo nimebakiwa na kipande.

Nilijifunzia kambini, Nachingwea, kwa afande
aliyefundisha kwa fimbo ya mpingo:
goti likipinda, fimbo; lisipopinda, fimbo.
Nikarudi Newala na mkanda mweusi
na sauti yake imenikaa kooni kama mwiba wa samaki.
Miaka tisa nikafundisha kwa koo la mtu mwingine.

Kisha akaja Somoe binti Mfaume,
miaka kumi na minne, kachelewa, kanga imemlowa begani,
kwa kuwa huku kwetu juu maji hayaji, hufuatwa.
Nikamwambia simama. Akasimama.
Nikamsukuma. Nikamsukuma tena, kwa mikono miwili.
Wenzake wakaanza kucheka,
na hawakuwa wakimcheka yeye.

"Nani kakufundisha?"
"Ndoo."
Kisha, kwa adabu, macho chini:
"Mwalimu, wewe unasimama kwa mabega.
Ndoo haibebwi na mabega."

Usiku ule nilijaza ndoo ya lita ishirini
nikajitwika uani, taa nimezima, majirani wasione.
Nililowa mpaka soksi.
Mke wangu mlangoni: "Hayo maji tumeyanunua."
Sikumjibu. Nilikuwa naitafuta shingo yangu.

Sasa Burkadi.
Burkadi sikutaka kumtia humu.
Alikuwa mwepesi, alikuwa fahari yangu,
nilimpa kila nilichokuwa nacho, pigo juu ya pigo,
na sikuuliza mikono ile ikifika nyumbani hufanya nini.
Mwezi wa Machi alimvunja kaka yake taya
kwa mgawo wa pesa za korosho.

Akaleta mkanda, kaukunja ndani ya gazeti,
akauweka juu ya mizani ya kupimia magunia.
Mshale haukusogea.
Nikayatafuta maneno ya afande, yakaja yote,
nikayapasua: ndani yana fimbo tu.
"Ulinifundisha kupiga," alisema,
"ukanifundisha na kuanguka.
Hapo katikati hukusema kitu."

Hapo katikati.
Nimekaa hapo tangu Machi.

Siku hizi tunakwenda polepole, watoto wananung'unika.
Ngumi inatoka, inasimama unywele mmoja kabla ya shati,
inakaa. Inarudi.
Kurudi ndiko kunakochosha.
Nampota, ambaye masikio yake hayasikii vizuri,
huniwekea kiganja kifuani ajue nasema nini,
na kifua, nimegundua, hakiwezi kubeba hotuba.
Nimepunguza maneno. Mengine sijui yalikuwa ya nani.

Jana kaka mtu alipita mlangoni, taya limeunga upande,
akachungulia, akakohoa,
akauliza kama watu wazima nao huandikishwa.
Nikamwonyesha pa kuvulia viatu.
Burkadi hajarudi. Mkanda wake bado uko mizanini,
na Bwana Chihipu ameshanionya:
minada ikifunguliwa niuondoe,
hauna uzito, lakini unamharibia hesabu.

Somoe alikuwa mbele, anawasimamisha wadogo,
anapita nyuma yao mmoja mmoja, anawasukuma.
"Si mabega," anasema, wala hapandishi sauti.
Ukungu ulikuwa umeanza kuingia dirishani.
Nami nimejipanga, wa pili kutoka mlangoni,
nyayo tupu juu ya saruji,
nasubiri zamu yangu.